Baba au Mama: Suala la Uraia wa Mzazi Mmoja katika Historia ya Ukombozi

Katika masuala ambayo vyama vya ukombozi vya Afrika vililazimika kuyajibu siku vilipokabidhiwa dola, ni machache yaliyoonekana madogo na baadaye yakazaa makubwa kama hili: mtu ambaye mzazi wake mmoja tu ni wa nchi hii, je, ni mwenzetu? Suala la ardhi lilijadiliwa katika mikutano mikuu. Suala la njia kuu za uchumi liliandikiwa maazimio, na wanachama wakatembea kwa miguu mamia ya maili kuyaunga mkono. Suala la uraia liliachiwa wanasheria, nao wakalifunga ndani ya vifungu viwili vitatu ambavyo hata leo viongozi wengi wa matawi hawajapata kuvisoma. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba vifungu hivyo vilikuwa uamuzi wa kisiasa, tena wa kiitikadi, na kwamba historia ya Afrika tangu 1961 imeonyesha wazi ni nani hufaidika pale neno dogo "au" linapofutwa na mahali pake likawekwa neno "na".

Hatuwezi kulielewa jambo hili bila kuanza na hali tuliyoachiwa na ukoloni.

Chini ya Mjerumani, Mwafrika wa nchi hii hakuwa raia wa mahali popote. Alikuwa mwenyeji, maana yake mtu wa kutozwa kodi, kupigwa kiboko na kupelekwa kwenye mashamba ya pamba na mkonge. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Tanganyika ilikabidhiwa kwa Mwingereza kwa jina la udhamini, na mwaka 1923 Baraza la Shirikisho la Mataifa lilitamka kwamba wenyeji wa nchi za udhamini hawapati uraia wa mdhamini wao. Kwa hiyo Mwingereza alitutawala kwa miaka zaidi ya arobaini bila sisi kuwa raia wake na bila kuwa raia wa nchi yetu wenyewe. Jina tulilopewa katika sheria lilikuwa "watu walio chini ya hifadhi ya Mwingereza". Ni hifadhi ya namna gani hiyo, kila mzee aliyepata kuwa manamba anaweza kueleza. Kuku naye yumo katika hifadhi ya mwenye banda.

Pamoja na jina hilo Mwingereza alileta fikra yake juu ya mtoto ni wa nani. Kwa sheria ya Uingereza ya 1948, uraia ulirithiwa kwa baba. Mwanamke wa Kiingereza aliyejifungua nchi ya kigeni kwa mume mgeni hakuweza kumrithisha mwanawe uraia. Haki hiyo aliipata kwa sheria ya 1981, iliyoanza kutumika Januari 1983. Kabla ya 1948 mambo yalikuwa mabaya zaidi: Mwingereza mwanamke aliyeolewa na mgeni alipoteza hata uraia wake mwenyewe. Hizo ndizo sheria ambazo wakoloni walituambia kuwa ni ustaarabu.

Sasa tuzilinganishe na hali halisi ya watu wa nchi hii. Ni kweli makabila mengi ya Tanganyika hufuata ukoo wa baba. Lakini wapo Waluguru, Wakaguru, Wamwera, Wamakonde na Wayao, ambao tangu zamani mtoto kwao ni wa ukoo wa mama yake. Mluguru haulizwi kwanza baba yake ni nani. Anaulizwa lukolo lake, yaani ukoo anaoupata kwa mama, na kwa ukoo huo ndipo alikuwa akipata haki ya shamba. Baba angeweza kuwa ametoka mbali, na mtoto asipungukiwe na kitu. Kwa hiyo wale wanaosema kwamba kumfuata baba peke yake katika uraia ni desturi ya Mwafrika wanasema jambo lisilo na ushahidi kwa sehemu kubwa ya mashariki na kusini ya nchi. Desturi ile ilikuwa ya Mwingereza, nasi tuliipokea pamoja na wigi za mahakimu.

Tuje sasa mwaka 1961.

Katika uchaguzi wa Agosti 1960 TANU ilipata viti 70 kati ya 71. Serikali ya madaraka ilianza Mei 1961, na uhuru ukapangiwa tarehe 9 Desemba. Kabla ya siku hiyo ilipasa kuamuliwa ni nani ataamka asubuhi akiwa raia wa taifa jipya. Mswada wa Uraia uliletwa Bungeni mwezi Oktoba. Kanuni yake kuu ilikuwa rahisi. Kila aliyezaliwa Tanganyika, ambaye tarehe 8 Desemba alikuwa raia wa Uingereza na Makoloni yake au mtu wa hifadhi, angekuwa raia wa Tanganyika siku ya pili yake kwa nguvu ya sheria yenyewe, bila kuomba na bila kulipa, mradi mmoja wa wazazi wake naye awe amezaliwa Tanganyika. Aliyezaliwa hapa lakini hana mzazi hata mmoja aliyezaliwa hapa alipewa miaka miwili, hadi tarehe 9 Desemba 1963, ajiandikishe akipenda.

Msomaji aangalie mambo mawili katika kanuni hiyo. Kwanza, haikutaja rangi wala dini wala kabila. Pili, haikusema ni mzazi yupi. Mama aliyezaliwa Bagamoyo alimtosha mwanawe sawasawa na baba aliyezaliwa Bagamoyo. Mtoto wa mama Mnyamwezi na baba kutoka Arabuni, ambaye serikali ya kikoloni ilikuwa ikishindwa kuamua imhesabu katika fungu gani na ambaye mitaani aliitwa chotara kwa dharau, aliingia katika taifa kwa mlango uleule alioingilia jirani yake ambaye babu zake wote wamezikwa Tabora.

Mswada huo haukupita kwa raha. Wabunge kadhaa, na wengi wao wanachama wa TANU, waliupinga vikali. Walitaka uraia wa moja kwa moja uwe wa Mwafrika, na Wahindi, Waarabu na Wazungu wasubiri na kupimwa kwanza. Ingekuwa ni makosa kuwaita watu hao wajinga au vibaraka, kama baadhi ya waandishi walivyofanya baadaye. Hoja yao ilitoka katika hali waliyoiona kila siku. Watu wasio Waafrika hawakufikia laki moja na nusu katika nchi yenye watu zaidi ya milioni nane, na bado duka, kinu cha kuchambulia pamba, shamba la mkonge na benki vilikuwa mikononi mwao au mikononi mwa makampuni ya ng'ambo. Mkulima wa Usukuma aliyepunjwa kwenye mizani hakuhitaji kitabu cha nadharia kumwambia anayempunja ni nani. Kwa hiyo wabunge hao waliuona unyonyaji. Walichokosea ni kudhani kwamba unyonyaji una rangi. Waliona ngozi ya mwenye duka wasilione duka.

Mwalimu Nyerere, akiwa Waziri Mkuu, aliwajibu tarehe 18 Oktoba 1961 katika hotuba ambayo ni kati ya kali alizopata kutoa ndani ya Bunge. Alisema kwamba uraia lazima uwe juu ya utii kwa nchi, si juu ya rangi. Kwamba anayeanza kupima watu kwa rangi anafanya yaleyale yaliyofanywa na Hitler na yaliyokuwa yakifanywa na Verwoerd kule Afrika Kusini. Na kwamba Serikali yake iko tayari kujiuzulu iwapo mswada utaangushwa. Aliona pia jambo ambalo wengi wakati ule hawakuliona: ubaguzi haukomi kwa mtu wa kwanza. Ukishamaliza Mzungu na Mhindi, utaanza kuuliza habari za makabila. Miaka arobaini baadaye, kama tutakavyoona, nchi nyingine za Afrika zilithibitisha maneno hayo kwa damu.

Yafaa ikumbukwe kwamba wakati huo TANU yenyewe ilikuwa haijafungua milango yake kwa watu wasio Waafrika; ilifanya hivyo mwaka 1963. Yaani dola ilikubali uanachama wa taifa kwa misingi mipana kuliko Chama kilivyokubali uanachama wake chenyewe. Huo ulikuwa mgongano, na haukwisha kwa siku moja. Tarehe 7 Januari 1964 Mwalimu alitoa waraka wa kukomesha upendeleo wa Mwafrika dhidi ya raia asiye Mwafrika katika kazi za serikali. Chini ya wiki mbili baadaye askari wa Colito waliasi. Hatusemi kwamba jambo moja lilizaa lingine, kwa maana maasi yale yalikuwa na sababu zake za mishahara na vyeo vya maofisa wa Kiingereza. Tunasema tu kwamba uamuzi wa 1961 ulikuwa na gharama, na waliouamua walijua.

Ufumbuzi wa kweli wa malalamiko ya wabunge wale ulikuja mwaka 1967, pale Azimio la Arusha lilipotaifisha mabenki na kuweka njia kuu za uchumi mikononi mwa umma bila kuuliza mwenye hisa ni raia au si raia. Chombo cha kuondoa unyonyaji kilipatikana, na hakikuwa sheria ya uraia. Hata hivyo lazima tukiri kwamba mambo hayakuwa safi kila mara. Sheria ya 1971 ya kutwaa majumba ya thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 haikutaja rangi, lakini iliangukia zaidi jamaa wa Kiasia, wakiwamo waliokuwa raia tangu siku ya uhuru, na wengi wakafunga mizigo. Hilo ni somo gumu juu ya umbali uliopo kati ya maneno ya sheria na masikio ya wale wanaoyasikia.

Lakini kuna kundi ambalo mjadala wa 1961 ulilisahau kabisa, na wanahistoria wetu nao wamelisahau. Kanuni ya mzazi mmoja ilibishaniwa kana kwamba inawahusu Wahindi tu. Kumbe Tanganyika ilikuwa imejaa Waafrika waliotoka nje ya mipaka: Wamakonde waliovuka Ruvuma kukimbia kazi za shuruti za Mreno, watu wa Ruanda-Urundi, wa Nyasaland na wa Rhodesia ya Kaskazini waliofuata kazi kwenye mkonge wa Tanga na Morogoro. Wapo waliokusanywa na SILABU, wapo waliokuja kwa miguu yao. Mtoto aliyezaliwa kwenye kambi ya mkonge, baba na mama wakiwa wote wametoka ng'ambo ya Ruvuma, hakuwa raia wa moja kwa moja tarehe 9 Desemba 1961. Kwa sheria alikuwa sawasawa na mtoto wa mwenye duka aliyetoka Gujarati: alitakiwa ajiandikishe kabla ya tarehe 9 Desemba 1963.

Tofauti ilikuwa ya kitabaka. Mwenye duka alikuwa na wakili, gazeti, na jamaa mjini wa kumkumbusha tarehe. Mkata mkonge alikuwa na nyapara. Aliyezaliwa kambini humo na ambaye mama yake, tuseme, alikuwa Mzigua wa Korogwe alipona kwa mzazi mmoja. Ambaye wazazi wake wote ni wageni aliendelea kukata mkonge, kulipa kodi, kuchukua kadi ya TANU na hata kupiga kura, bila kujua kwamba karatasi fulani haikuandikwa. Hakuna aliyemuuliza kwa miaka mingi, kwa sababu siasa ya nchi haikuwa ya kuulizana. Lakini deni la sheria halifutiki kwa ukimya.

Upo pia upungufu mwingine, nao ndio uliowagusa akina mama. Kanuni ya kuingilia siku ya uhuru ilimhesabu mama sawa na baba. Kanuni ya watakaozaliwa nje baada ya hapo haikumhesabu hata kidogo. Aliyezaliwa nje ya nchi alirithi uraia ikiwa baba yake ni raia. Kwa hiyo mfanyakazi wa kiume wa Tanzania aliyezaa Lusaka alileta nyumbani Mtanzania, na dada yake aliyeolewa na kujifungua hukohuko Lusaka alileta mgeni. Ndugu wawili, tumbo moja, Chama kimoja. Katika miaka ambayo tulikuwa tukiimba usawa wa binadamu katika kila mkutano, sheria hiyo ya Kiingereza ilikaa kimya vitabuni. Iliondolewa na Sheria ya Uraia Na. 6 ya 1995, ambayo inasema aliyezaliwa nje ni raia wa kurithi ikiwa baba au mama yake ni raia. Uingereza ilikuwa imejirekebisha kabla yetu kwa miaka kumi na miwili; si jambo la kujivunia.

Tofauti hiyo haikuwa yetu peke yetu. Nchini Botswana sheria ya 1982, iliyorekebishwa 1984, ilisema mtoto wa ndoa humfuata baba, na mtoto asiye wa ndoa humfuata mama. Unity Dow, mwanasheria Mbotswana aliyeolewa na Mmarekani, alikuwa na watoto watatu waliozaliwa palepale Botswana. Wa kwanza, aliyezaliwa kabla ya ndoa, alikuwa raia. Wawili waliozaliwa ndani ya ndoa walikuwa wageni wenye vibali vya kukaa. Yaani sheria ilimwadhibu mwanamke kwa kufunga ndoa! Dow aliishtaki serikali, akashinda Mahakama Kuu mwaka 1991 na Mahakama ya Rufaa mwaka 1992, na mwaka 1995 sheria ikabadilishwa. Serikali ilijitetea kwa kusema kwamba jamii ya Botswana ni ya kufuata baba. Tumekwisha kuonyesha juu asili ya hoja za namna hiyo.

Hapo mwanamke alidai neno "au" liongezwe. Sasa tutazame nchi ambako neno hilo liliondolewa, tukianza na jirani zetu wa Zambia, kwa sababu jambo lenyewe lilimpata mtu tuliyemjua.

Kenneth Kaunda alizaliwa mwaka 1924 katika misheni ya Lubwa, wilaya ya Chinsali. Baba yake, David Kaunda, alikuwa mwalimu na mhubiri aliyetumwa huko kutoka Nyasaland. Mama yake, Helen, naye alitoka Nyasaland na alikuwa kati ya wanawake wa kwanza wa Kiafrika kufundisha shule katika sehemu hizo. Mtoto huyo alikuja kuongoza UNIP, akaleta uhuru tarehe 24 Oktoba 1964, akatawala miaka 27, akajenga pamoja nasi reli ya TAZARA, na akabeba mzigo wa vita vya ukombozi wa Kusini hadi uchumi wa nchi yake ukapinda mgongo. Katika muda wote huo hakuna aliyeona haja ya kuuliza David na Helen walizaliwa wapi.

Mwaka 1991 aliangushwa katika uchaguzi na chama cha MMD cha Frederick Chiluba, akakabidhi madaraka kwa amani. Lakini alipotaka kugombea tena, ghafula suala la wazazi likaamka. Katiba iliyorekebishwa mwaka 1996 ilitaka mgombea urais awe na wazazi wote wawili ambao ni Wazambia kwa kuzaliwa au kwa kurithi. Kabla ya hapo, mwaka 1994, serikali ilikuwa imekwisha kuwafukuza viongozi wawili wa UNIP, William Banda na John Chinula, na kuwatupa Malawi, ambako mahakama nazo zilisema watu hao si Wamalawi. Chinula alifia hukohuko. Mwaka 1999 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliamua kwamba Zambia ilivunja haki zao. Mwaka huohuo, tarehe 31 Machi, Mahakama Kuu ya Ndola ilitamka kwamba Kaunda mwenyewe si raia wa Zambia. Mtu aliyeiongoza nchi tangu bendera yake ilipopandishwa kwa mara ya kwanza alibaki bila nchi, mpaka mwaka 2000 suala lilipomalizika katika Mahakama ya Juu kwa kutambuliwa tena kuwa raia.

Kichekesho cha mambo haya ni kwamba shimo lilitaka kummeza pia aliyelichimba. Wapinzani walifungua kesi wakidai kwamba baba wa Chiluba naye alitoka nje ya Zambia. Mwaka 1998 Mahakama ya Juu iliitupa kesi, na katika hukumu yake ilieleza jambo ambalo mwanafunzi yeyote wa historia angeliweza kuwaambia watunga katiba wale: kabla ya tarehe 24 Oktoba 1964 hapakuwa na mtu aitwaye Mzambia, kwa hiyo kutaka wazazi wa mzee wa miaka hamsini wawe "Wazambia kwa kuzaliwa" ni kutaka jambo lisilowezekana. Tume ya Afrika ilipolishughulikia shauri la kifungu hicho mwaka 2001 ilielezwa kwamba kingewanyima haki ya kugombea urais kiasi cha asilimia 35 ya Wazambia. Ndivyo inavyotarajiwa katika nchi ya migodi. Ukanda wa Shaba ulijengwa na vibarua kutoka Nyasaland, Kongo, Angola na Tanganyika, hasa Wanyakyusa wetu. Kumtaka mtoto wa mchimba migodi awe na wazazi wawili wa palepale ni kukana historia ya tabaka la wafanyakazi lililoibeba nchi. Kifungu hicho kilikuja kuondolewa katika marekebisho ya katiba ya 2016.

Zambia iliponyeka kwa kesi na ugomvi wa magazeti. Côte d'Ivoire haikuponyeka.

Huko, baada ya kifo cha Houphouët-Boigny mwaka 1993, mrithi wake Henri Konan Bédié alikabiliwa na mshindani, Alassane Ouattara, aliyekuwa Waziri Mkuu kuanzia 1990. Ikasemwa kwamba wazazi wa Ouattara ni watu wa Burkina Faso. Sheria ya uchaguzi ya Desemba 1994 ikataka mgombea urais awe amezaliwa na baba na mama ambao wote ni wa Côte d'Ivoire kwa asili. Mwaka 2000, chini ya Jenerali Robert Guéï, iliandikwa katiba mpya, na ubishi mkubwa ukawa juu ya neno moja: baba "au" mama, ama baba "na" mama? Likashinda "na". Ouattara akazuiwa. Watu wa kaskazini, wenye majina kama ya Ouattara na misikiti kama yake, wakaelewa kwamba neno hilo linawahusu wao wote, wakaanza kunyang'anywa vitambulisho kwenye vizuizi vya barabarani.

Mtu asiyejua historia angeweza kudhani palikuwa na mpaka wa kale kati ya nchi hizo mbili. Mfaransa aliivunja koloni ya Upper Volta mwaka 1932 na kuigawa, sehemu yake kubwa akaiunganisha na Côte d'Ivoire ili apate vibarua wa mashamba ya kakao na kahawa na wa reli. Aliirudisha mwaka 1947. Ouattara alizaliwa Dimbokro mwaka 1942. Kwa hiyo siku aliyozaliwa, mahali alipozaliwa na sehemu kubwa ya nchi wanayodai ni ya wazazi wake zilikuwa koloni moja, chini ya gavana mmoja. Mabepari uchwara wa Abidjan walikuwa wakigombania mistari iliyochorwa na kufutwa na kuchorwa tena na karani wa kikoloni kwa ajili ya kakao. Septemba 2002 vita vilianza na nchi ikagawanyika vipande viwili. Mapatano ya Linas-Marcoussis ya Januari 2003 yalitaka, miongoni mwa mengine, neno lirudishwe liwe baba au mama. Baada ya uchaguzi wa 2010 watu wapatao 3,000 waliuawa kabla Ouattara hajaingia ikulu. Katiba ya 2016 ikaandika "au".

Sasa turudi nyumbani, maana haitoshi kuwacheka majirani.

Sisi tuna Sheria ya 1995, na kifungu chake cha 5 kinasema kila aliyezaliwa ndani ya Jamhuri ya Muungano tangu siku ya Muungano ni raia, isipokuwa watoto wa mabalozi na wa maadui wakati wa vita. Wapo wanasheria wanaokisoma kifungu hicho kama kilivyoandikwa: kuzaliwa hapa kunatosha. Vyombo vinavyotekeleza sheria kwa kawaida hudai kwamba angalau mzazi mmoja awe raia. Ubishi huo ni halali, na Bunge ndilo lenye uwezo wa kuumaliza. Lakini hata tukishika tafsiri iliyo kali zaidi, neno linabaki "mmoja". Hakuna mahali ambapo sheria ya Tanzania inamtaka mtu aliyezaliwa hapa aonyeshe wazazi wawili raia, wala babu wanne.

Na bado kada aliyefanya kazi Kigoma, Kagera, Mtwara au Tunduma anajua maswali yanayoulizwa ofisini siku mtu anapotafuta kitambulisho cha taifa au pasipoti. Babu yako alizikwa wapi? Mbona jina lako ni la ng'ambo? Muha wa Kasulu huulizwa maswali ambayo Mgogo wa Mpwapwa haulizwi, kwa sababu tu lugha yake inasikilizana na Kirundi. Mwaka 2001 Serikali ilitangaza kwamba watu wanne mashuhuri si raia, akiwamo mwandishi wa habari Jenerali Ulimwengu, ambaye alikuwa amekwisha kuwa mbunge. Ikiwa mtu wa kiwango hicho aliweza kufikia umri wa mtu mzima, akaitumikia nchi, kisha akaulizwa, mkulima wa Kibondo asiye na cheti cha kuzaliwa yuko katika hali gani? Nchi hiihii mwaka 2014 ilitoa uraia kwa wakimbizi wa Burundi wa 1972 na watoto wao, watu wapatao 162,000, tendo ambalo nchi chache duniani zimelithubutu. Taifa lenye moyo wa kumpokea mgeni kwa maelfu halina sababu ya kumchoka mtoto wa mama Mtanzania kwa sababu baba yake alivuka mto Malagarasi au Ruvuma.

Hapa kuna kazi ya kada. Barua ya mtendaji wa kijiji na ushahidi wa wazee wa kitongoji ndivyo mara nyingi huamua mambo kabla hayajafika kwa ofisa wa uhamiaji. Anayeandika barua hiyo anapaswa kujua kwamba mama ni mzazi. Mahali ambapo baba hajulikani, au amerudi kwao, au amekufa bila karatasi, ushahidi wa mahali alipozaliwa mama, iwe ni kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, daftari la madrasa au kauli ya mkunga aliyemzalisha, una uzito uleule. Na mwenye wazazi wa nchi mbili afahamishwe mapema kwamba sheria yetu inamtaka achague: akifikisha miaka 18 bila kuukana uraia wa nchi ya pili, hupoteza ule wa Tanzania. Vijana wengi huligundua hilo wamekwisha kuvuka umri.

Yamebaki mambo mawili ambayo Sheria ya 1995 haikuyamaliza. Uraia wa kurithi unakoma kizazi cha kwanza: Mtanzania aliyezaliwa Muscat kwa baba au mama wa Unguja ni raia, lakini naye akizaa hukohuko, mwanawe harithi. Na katika ndoa, kifungu cha 11 kinampa mke mgeni wa Mtanzania njia ya kuomba uraia kwa ajili ya ndoa yake, huku mume mgeni wa Mtanzania hana njia hiyo. Hupanga foleni ya tajnisi pamoja na mgeni yeyote, akihesabiwa miaka ya kukaa, hata akiwa na watoto watano ambao wote, kwa mama yao, ni raia.